Chati zile zina sahihi yangu

Wakio mwanangu, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Kumbe baba yako anazunguka Voi nzima akisema dada yake amewashtaki Wazungu huku England, nyumba ya wazee aliyofanyia kazi ikafungwa. Haikufungwa. Nawe sasa unataka kumpa ajenti wa Mombasa laki tisa akutafutie sponsa, yaani mwajiri wa huku wa kukudhamini upate viza, kwa kuwa "kazi yenyewe ni kukaa na wazee tu, shangazi".

Kukaa! Usiku tulikuwa wawili kwa wazee 34, orofa mbili. Mashine ya kumwinua mtu kitandani inataka watu wawili. Mimi niliiendesha peke yangu huku nikiomba Mungu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe, wengine kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachimbika. Wa namna hiyo walikuwa tisa. Kengele inalia chumba cha 6, wa chumba cha 11 ameanguka, mwenzangu yuko juu anabadilisha nepi. Alfajiri ikifika naketi na kalamu moja, najaza chati za wazee: saa nne amegeuzwa, saa sita amegeuzwa, saa nane amegeuzwa. Naweka sahihi. Wote tisa.

Kila mtu alijaza hivyo. Meneja alituambia chati tupu ni ya mfanyakazi mvivu, na mvivu hadhaminiwi. Nami nilikuwa na karo yako ya muhula wa pili.

Februari 2025 bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alitoka kidonda nyongani ambacho kidole gumba kingeingia. Chati yake ilikuwa safi kabisa. Siku hiyo ndipo nilipopiga simu CQC, tume inayokagua nyumba hizi England. Hawaamui kesi ya mtu mmoja mmoja. Wanachukua habari, nayo huwasaidia kuamua nyumba gani waiendee bila hodi. Mzee akiteswa au akitelekezwa, hilo ni la baraza la eneo, kitengo cha kulinda watu wazima, na huko pia nilipiga. Jina sikutaja. Ujinga wangu ni kwamba nilitaja usiku wenyewe, na usiku huo tulikuwa wawili tu, na mwenzangu si mtu wa kupiga simu.

Wakaguzi wa CQC walikuja asubuhi, zamu yangu ikiisha. Ratiba ilisema wanne usiku, malipo yakasema wawili. Sheria yao haitaji idadi, inasema tu wafanyakazi wawe wa kutosha, kwa hiyo huo utoshelevu mkaguzi anautafuta kwenye kengele zilizochelewa kuitikiwa, kwenye miili ya wazee, kwenye chati. Kwenye chati akanikuta mimi. Akaniuliza kwa upole: mlikuwa wawili, na hapa wote wamegeuzwa kwa wakati. Mliwezaje?

Wakio, sikuwa na jibu. Aliyepiga simu ni mimi, na aliyekuwa akiuficha upungufu ule usiku baada ya usiku ni mimi pia. Mwambie baba yako hiyo sehemu.

Nyumba ikapewa daraja la chini kabisa. Sheria inataka daraja libandikwe mahali paonekane, wao wakalibandika nyuma ya chungu cha maua. Baraza likaacha kuleta wazee wapya, saa zangu zikapunguzwa, na kila barua pepe ikiingia tumbo linanikata. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kudhamini, wewe uliyedhaminiwa huwa unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Nilipata kazi kwenye nyumba nyingine ya wazee kwa taabu sana.

Kwa hiyo ukiwa popote kwenye kazi hii, sema mapema. Usiandike "tunateseka". Andika tarehe, saa, orofa, wafanyakazi wangapi, wazee wangapi, kwenye daftari lako mwenyewe. Lakini usifungue mdomo kabla hujapata sponsa wa pili. Hapana, futa hilo. Yule mwalimu hakuwa na muda wa kungoja sponsa wangu wa pili. Sijui nikwambie nini. Chati tu usijaze uongo, hata ukitishwa.

Pesa ipo, sikatai: Aprili 2025 kima cha chini kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa, kabla ya kodi ya serikali na kodi ya chumba. Lakini mlango huo hauko tena. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza iliacha kuchukua wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Na tangu 11 Machi 2024 mhudumu mpya haruhusiwi kuja na mtoto. Mimi nilifika Mei, ndiyo maana Baraka yuko kwa bibi yake. Basi huyo ajenti anakuuzia nini? Wauguzi bado wanachukuliwa. Kasome uuguzi, ada nitasaidia. Ila usisome kwa ajili ya huku.

Usimpe hata shilingi. Na kama umeshampa, usinifiche, nipigie leo kabla ya saa mbili usiku, maana nikiingia zamu simu inakaa kwenye kabati.