Maswali ya Studio: Priampu Ingoje, Chumba Kwanza

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Narekodi waimbaji chumbani kwangu Temeke. Nina kompyuta, saundi kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu na maiki ya Shure SM58. Nimejikusanyia milioni moja na nusu. Prodyuza mmoja kaniambia vokali zangu ni nyembamba kwa kuwa sina priampu ya nje, ninunue ya mtindo wa Neve 1073. Je, hela yote iende huko?
— Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana ndugu yetu, si kwa sasa. Kazi ya priampu ni kukuza umeme mdogo unaotoka kwenye maiki bila kuuongezea kelele zake yenyewe, na hiyo iliyomo ndani ya saundi kadi yako inaiweza kazi hiyo. Kelele zake za ndani ni -128 dBu (kipimo cha umeme wa sauti; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi). Rezista tupu (kijidude cha kuzuia umeme) ya omu 150, ukinzani kama wa maiki, ina kelele zipatazo -131 dBu kwa sababu tu ina joto, na hakuna fundi awezaye kushuka chini ya hapo. Priampu ya bei yoyote ile itakupunguzia desibeli chache tu, basi.

Linganisha sasa na chumba chako. Kwa SM58, hizo -128 dBu ni sawa na kelele ya desibeli 18 hivi mbele ya maiki. Chumba kilichotulia usiku kina kama 30, na feni ikizunguka ni 40 au zaidi. Chumba ndicho kinachopiga kelele, na priampu mpya itaikuza feni ileile.

Jipimie mwenyewe. Mwambie fundi redio akulehemie rezista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3 ya plagi ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu. Rekodi nusu dakika ya ukimya kwa maiki, kisha chomoa maiki, chomeka plagi hiyo na urekodi nusu dakika nyingine bila kugusa kitufe cha gein (cha kupandisha ukuzaji). Kiasi ambacho mita imeshuka ndicho kelele za chumba zinavyozizidi za priampu.

Na huo wembamba wa sauti? Mara nyingi mwimbaji amesimama mbali. SM58 huongeza besi mdomo unapoisogelea. Akiwa sentimita 30 besi hiyo imeshapungua sana, na mwangwi wa ukuta umejaa. Mweke sentimita 5 hadi 10, maiki ielekee pembeni kidogo ya mdomo ili herufi P na B zisipige. Vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita ya programu ya kurekodi, ukiwa umeiweka kwenye biti 24. Hakuna haja ya kuisukuma hadi taa iwe nyekundu.

Kisha ukuta. Trei za mayai haziifanyi kazi hii. Karatasi yake ni nyembamba mno. Sponji ya sentimita 2.5 nayo hunyonya sauti kali za juu tu na kuacha zile za kati zikivuma, ndiyo maana vyumba vingi vilivyobandikwa sponji hutoa vokali zenye sauti ya ndani ya boksi. Tengeneza fremu nne za mbao, sentimita 60 kwa 120, ujaze pamba ngumu ya mwamba (rockwool) yenye unene wa sentimita 10, na ufunike kwa kanga ya pamba halisi. Kitambaa kifae hivi: ukipuliza, pumzi ipite. Ziache sentimita 10 kutoka ukutani, zitashika vizuri hata zile sauti za kati. Ukikosa pamba hiyo, simamisha godoro la sponji inayopitisha pumzi, nyuma yake mablanketi mazito yaliyokunjwa. Uvae glovu na barakoa unapoikata pamba ya mwamba. Vumbi lake linawasha.

Mahali pa kuziweka ndipo wengi wanapokosea. Maiki ya aina hii haisikii sana kilicho nyuma yake; inasikia mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwa mwimbaji. Kwa hiyo fremu mbili zikae nyuma ya mwimbaji kwa umbo la kona, moja pembeni, na moja juu ya kichwa kama dari iko chini.

Hela yako: karibu nusu iende kwenye fremu, stendi nzito na waya mzuri wa XLR. Robo kwenye hedifoni zinazofunika masikio kabisa, maana zinazovuja hurudisha mdundo wa biti ndani ya maiki. Iliyobaki nunua diski ya nje ya kuhifadhia kazi za wateja, na chenji uanze nayo akiba ya maiki ya pili. Neve 1073 ya mwaka 1970 inapendwa kwa transfoma zake, ambazo ukizisukuma huongeza utajiri wa sauti. Ni ladha nzuri kweli, lakini itaonekana chumba kikishatulia.

SWALI: Nilinunua priampu ya nje, nikaiunganisha na saundi kadi kwa waya wa XLR. Sauti inakwaruza hata gein ikiwa chini. Imeharibika?
— Msomaji, Nairobi

JIBU: Sidhani. Umepitisha sauti kwenye priampu mbili. Tundu la XLR la saundi kadi hupeleka sauti kwenye priampu yake ya ndani, nayo inapokea sauti iliyokwisha kukuzwa. Tumia waya wa XLR kwenda jeki ya TRS ya robo inchi, uchomeke katikati ya tundu hilohilo, zima kitufe cha gita (INST), na uzime volti 48 (umeme wa kulishia maiki za kondensa) upande wa saundi kadi. Gein ipandishe kwenye priampu ya nje, ya saundi kadi iache chini.

SWALI: Kwaya yetu ina waimbaji 20. Tununue saundi kadi ya njia nane?
— Mwalimu wa kwaya, Mwanza

JIBU: Mwalimu, njia mbili zinatosha. Nunua maiki mbili za kondensa za modeli moja, zifunge kwenye stendi moja ndefu, vichwa viachane sentimita 17 na vitazame pande mbili, pembe kati yao iwe nyuzi 110. Ziweke mita 2.5 hadi 3 juu, mita 2 hadi 3 mbele ya safu ya kwanza. Kabla ya kuzitenganisha, zielekeze zote kwa mwimbaji mmoja ashike noti moja, ulinganishe gein mpaka mita zilingane, la sivyo kwaya nzima itaegemea upande mmoja. Kanisa likiwa la bati, msirekodi siku yenye dalili ya mvua.