Kondoo kanyolewa au kanyonyolewa?

SWALI: Shikamoo mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu huku Nzega, Tabora. Binti yangu kwenye insha kaandika "kondoo amenyonyolewa", baba yake anasema ni "amenyolewa", wamebishana mpaka ugali umepoa. Nani yuko sahihi? Halafu mtetea wangu shingo imebaki wazi, naye nisemeje?

JIBU: Marahaba mama. Baba yuko sahihi ila binti nae asilaumiwe, maana kondoo wetu wa huku wana nywele fupi tu, sio sufu ndefu kama ya wale merino wa Australia, kwahiyo hakuna anaewakata na mtoto hajawahi kuona hiyo kazi, yeye alichozoea kuona ni kuku wa sikukuu anamwagiwa maji ya moto halafu watu wanakaa wanamnyonyoa.

Na hapo ndo tofauti ilipo. Kunyoa ni kwa wembe au mkasi, shina linabaki kwenye ngozi, ndo maana tunasema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Kunyonyoa ni kwa vidole, unyoya unatoka mzima mzima na shina lake, sasa kondoo ukimfanyia hivyo jamani si ni mateso! Mimi binafsi ningeandika "amekatwa manyoya", hata Biblia ya Kiswahili kwenye Isaya 53:7 inasema kondoo ananyamaza mbele yao "wakatao manyoya yake", inaeleweka kwa kila mtu.

Ila binti asije akapeleka kunyonyoa kila mahali, jani la tumbaku Urambo linachumwa, embe linachumwa, kipande cha nyama unakinyofoa.

Sasa huyo mtetea. Kama alizaliwa hivyo basi ni kishingo, ndo kuku wa aina hiyo, hajanyolewa wala hajanyonyolewa na mtu. Kama alikuwa na manyoya yakaanza kutoka yenyewe sema ananyonyoka, ukisema amenyonyolewa unamtafuta mtu aliyefanya, labda wenzie wanamdonoa. Kwa anaenyonyoka angalia utitiri, usiku pita na tochi bandani umulike kwenye nyufa za mbao anapolala, maana mchana wanajificha humo na usiku ndo wanatoka.