Kuficha jina la WiFi hakuzuii mtu

Ukidhani kuficha jina la WiFi yako kunazuia watu kuingia, hapana, hakusaidii, simu yako ikijiunga tu inalitaja lile jina hewani na programu za bure zinalidaka hapo hapo. Kinachokulinda ni WPA3, yaani aina mpya ya ulinzi wa WiFi unayochagua kwenye ruta, au WPA2 ya AES (ile iliyoitangulia, AES ni namna ya kuficha data) kama ruta ni ya zamani kidogo, pamoja na paswedi ndefu. Halafu zima WPS jamani, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika paswedi, huo ndo mlango wenyewe, PIN yake ina tarakimu 8 lakini tangu 2011 inajulikana ruta inaikagua vipande viwili kwa hiyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Nafunga ruta za watu na nyingi nazikuta WPS bado imewashwa. Ila ukiweka WPA3 tupu vifaa vya zamani vinaweza kugoma, chagua ile ya mchanganyiko WPA2/WPA3.