Kujihami, kujitetea au kinga? Na je, aliyefiwa "anakana"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma masta ya saikolojia, natafsiri lile dodoso la DSQ-40 linalopima namna akili ya mtu inavyojilinda na mambo yanayomuumiza. Msimamizi wangu anataka "mbinu za kujihami", mwenzangu anasema "kujitetea". Na ile ya mtu kutoupokea ukweli niandike kukana, kukanusha au kukataa?

Jibu: Marahaba. "Kujitetea" toa kabisa, hiyo ni ya mahakamani na ya mtoto aliyevunja kikombe. "Kujihami" ina nafuu ila nayo ina shida, anayejihami anajua anajihami, kashamwona mwizi na panga liko mkononi, wakati haya mambo mtaalamu wa saikolojia Anna Freud aliyoyaandikia kitabu mwaka 1936 sifa yake kubwa ni kwamba mwenyewe hajui kama anayafanya. Mimi ningeandika "kinga za nafsi". Kinga ya mwili watu wanaijua tayari, inapambana na vijidudu wewe umelala zako, haikuombi ruhusa, na saa nyingine inazidisha mpaka inakuumiza yenyewe, muulize mwenye aleji.

Sasa hayo matatu. Petro alimkana Yesu huku anamjua vizuri tu. Msemaji wa wizara anakanusha taarifa na faili analo mezani. Kukataa ndo kabisa, umekaribishwa chai hutaki. Wote wanaujua ukweli! Lakini mama aliyefiwa na mume, mwezi wa tatu huu bado anampakulia chakula na kumfunikia, huyo hakani kitu. Mtaani tunasemaje? "Bado hajakubali." Basi andika kutokubali yaliyotokea, neno lilikuwepo siku zote.

Ila kinachonisumbua zaidi hujakiuliza. Maneno yetu mengi ya eneo hili yana lawama ndani yake, kusingizia, kuonea, hata "sizitaki mbichi hizi" ni ya kumcheka mtu, na dodoso lenyewe linamtaka mtu ajipe namba mwenyewe kuanzia 1, sikubaliani kabisa, mpaka 9, nakubaliana kabisa. Ukiandika "nikiudhiwa kazini huwa naonea watoto", nani atajipa 9 jamani? Andika "nikiudhiwa kazini, hasira zinakuja kuishia nyumbani", yani hasira ndo ziwe mtenda, Kiswahili kinakuruhusu na mtu anajibu bila kujiona yuko kizimbani.

Utasema nyani haoni kundule, sasa atajijazaje? Mtafiti Michael Bond na wenzake kule Kanada walipotoa toleo la kwanza la dodoso hili mwaka 1983 hilo walilijua, ndo maana hawaulizi kinga yenyewe, wanauliza vitabia inavyoviacha nje, ambavyo mtu anaviona au anaambiwa na wenzake. Kwa hiyo ukikuta sentensi inayoanza na "watu huniambia kwamba...", usiifupishe ukaandika "mimi huwa...". Hapo ukifupisha umeua swali, maana anayeona ni hao watu, sio yeye.

La mwisho, kukanusha kwa kisarufi. Juzi nilitunga sentensi, "simalizii hasira zangu kwa watoto", nikampa dada anayeuza vitumbua hapa kwetu, nikamwambia 1 ni sikubaliani kabisa, 9 nakubaliana kabisa. Akanijibu haraka, "hapana, simalizii, mimi na wanangu tunaelewana", akaweka 1. Umeona kilichotokea? Mdomoni kakubaliana na sentensi, kwenye karatasi kawa mama anayewamalizia watoto hasira. Hilo dodoso lina sentensi 40, mbili mbili kwa kila kinga, kwa hiyo mtu akiteleza moja tu nusu ya alama za kinga ile imeharibika. Zipitie zote zenye si-, hu- na ha- za kukanusha, inayogeuzika bila kupoteza maana igeuze, isiyogeuzika kaa na watu kama watano wakusomee kwa sauti na wakwambie wameelewa nini kabla hujachapa.