Maswali na majibu: filamu zinazopindua muda, na msiba uliomo ndani yake

Maswali ya safari hii yameangukia filamu tatu: Don't Look Now (1973), Memento (2000) na Arrival (2016). Katika kila moja kuna mtu aliyefiwa, na katika kila moja jana, leo na kesho zimechanganywa makusudi. Majibu yetu yanafika mpaka mwisho wa hadithi. Kama hujaziona na unataka zikushtue, ziangalie kwanza ndipo urudi hapa.

Mafinga: Kwenye Don't Look Now mke kaenda Uingereza kumwona mtoto wao aliyeumia shuleni. Halafu mume anamwona palepale Venice, kwenye boti, kavaa nyeusi. Baadaye mke huyohuyo anaongea naye kwa simu yuko Uingereza. Mimi nasema wahariri walikosea, wenzangu wanabisha. Nani yuko sahihi?

Wenzako. Boti ile ni ya maziko, na anayezikwa ni John mwenyewe, huyo mume anayeikodolea macho. Ameona kesho akadhani ni leo. Mwishoni boti inarudi, Laura, mkewe, kasimama na dada wawili wazee waliofahamiana nao huko Venice, na safari hii mtazamaji anajua ni msafara wa nani.

Filamu haikukuficha kitu. Rudia dakika kumi za mwanzo ukiwa na kalamu mkononi. John yuko ndani, nyumbani kwao Uingereza, anakagua slaidi za kanisa la Venice. Nje, binti yao Christine anacheza kando ya bwawa akiwa na koti jekundu la mvua. Kaka yake anapita na baiskeli juu ya kipande cha kioo, kioo kinavunjika. Ndani kimiminika kinamwagika juu ya slaidi na wekundu unaanza kutambaa kwenye picha. John anainuka anakimbia nje kabla mtu yeyote hajamwita, anakuta Christine ameshazama. Hapo umeshaambiwa yote: mtu huyu anapata habari kabla hazijafika, ila mwenyewe hajui kwamba anazipata. Baadaye Heather, yule dada asiyeona, anatoa habari kwamba John ana kipaji hicho, na John hataki kusikia.

Kwa hiyo kipaji hakimwokoi. Anamwona mkewe kwenye boti, anakwenda polisi kuripoti kapotea, na wale dada waliotaka kumsaidia wanageuka watuhumiwa. Kisha usiku anaona kikoti chekundu kinakimbia vichochoroni, anakifuata mpaka kwenye kisu: aliyekivaa si mtoto, ni muuaji mfupi.

Wasomaji kadhaa wamelalamika kwamba yule muuaji mfupi mwenye koti jekundu kaletwa ili kututisha tu. Hapo hatukubaliani nao. Baba aliyemtoa mwanawe majini akiwa amechelewa hawezi kuliacha koti lile limpotee mara ya pili, hata kama akili inamwambia mtoto yuko kaburini. Fanya jaribio hili: orodhesha kila mahali rangi nyekundu inapoonekana kuanzia John na Laura wanapofika Venice. Mwongozaji Nicolas Roeg ameibana sana rangi hiyo kwingineko, mji wote umepauka, kijivu na kahawia. Ukiiona, ujue John anavutwa.

Mwanjelwa, Mbeya: Hizi filamu tunaziona kwenye kibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa. Kwenye muvi za ngumi sipati shida, lakini hii Don't Look Now nimetoka sijaelewa kitu. Tatizo langu au la mtafsiri?

La sauti. Mtafsiri anaongea juu ya mkanda, na ili asikike sauti ya asili inashushwa. Katika muvi ya ngumi hupotezi kitu kikubwa, maana picha inajieleza. Katika filamu hizi sauti ndiyo inayokuvusha kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Mfano upo mwanzoni kabisa: Laura anaona mumewe kambeba mtoto aliyekufa, anapiga ukelele, na ukelele huo unaingia moja kwa moja kwenye mlio wa mashine ya kutoboa ukuta huko Venice. Katikati hapo mazishi yameshapita, safari imeshafanyika, na hakuna aliyekueleza kwa maneno. Mtafsiri akiwa anasema "mama analia kwa uchungu" katika sekunde ile, daraja limevunjika na wewe umebaki ng'ambo.

Iangalie nyumbani kwa sauti ya asili na maandishi ya chini. Tafuta faili la maandishi lenye mwisho wa .srt, liweke folda moja na filamu, na ulipe jina lilelile la filamu herufi kwa herufi, la sivyo televisheni nyingi hazitaliona. Kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, maandishi yakitangulia midomo bonyeza H, yakichelewa bonyeza G. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20. Kama umeyaweka sawa mwanzoni lakini kadiri filamu inavyokwenda yanazidi kuachana, usihangaike kubonyeza: faili hilo limetengenezwa kwa toleo lenye kasi nyingine ya fremu. Tafuta jingine.

Na vaa spika za masikioni. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya Mbeya juu ya bati inameza kila kitu kilichonong'onwa.

Iringa mjini: Nilijaziwa Memento kwenye flashi. Inaanza na mtu kuuawa, kisha kila kipande kinaishia pale kilichotangulia kilipoanzia. Nikarudi dukani kudai faili limevurugika, kijana akasema ndivyo ilivyo. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Vipande vya rangi vinarudi nyuma, cha mwisho kimetangulia. Vipande vya nyeusi na nyeupe vinakwenda mbele kama kawaida. Vinapokezana mpaka vinapokutana karibu na mwisho wa filamu: Leonard, mhusika mkuu, anatikisa picha ya Polaroid, ile inayojisafisha yenyewe papo hapo, na picha inapoanza kutokeza, rangi inaingia kwenye filamu yenyewe. Ndiyo maana kwenye sekunde za kwanza kabisa uliona Polaroid ikififia badala ya kutokeza. Kipande kile kinachezwa kinyumenyume, na hapo mwongozaji Christopher Nolan anakupa ufunguo mapema.

Faili lenyewe lina namna ya kulikagua. Filamu nzima ina dakika 113 hivi. Ukiona 1:53 kwenye faili moja, umepewa yote. Ukipewa mawili, jumlisha, halafu hakikisha hujaanza na la pili, kwa sababu katika filamu hii kosa hilo halitambuliki kirahisi. Sababu ya kukatwa mara nyingi ni flashi: iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, basi muuzaji analikata.

Kuielewa, chukua karatasi ukunje katikati. Upande wa kushoto andika vipande vya nyeusi na nyeupe kuanzia juu kushuka. Upande wa kulia andika vya rangi kuanzia chini kupanda. Kwa kila kipande maneno matano yanatosha: yuko wapi, yuko na nani, ana jeraha gani usoni. Mikwaruzo ya shavuni ndiyo saa ya kuaminika kuliko maneno ya watu, maana karibu kila mtu mle anasema uongo. Kuna toleo la DVD lenye njia ya kuitazama kwa mfuatano wa kawaida. Usianze nalo. Ukiangalia kwa mfuatano wa kawaida unamjua Leonard kuliko anavyojijua, unabaki kumhukumu tu. Ukiangalia kinyumenyume hujui kilichotokea dakika tano zilizopita, na yeye hajui.

Msiba uko hapo hasa. Leonard hashiki kumbukumbu mpya tangu usiku mkewe aliposhambuliwa. Anasema mwenyewe kwamba hawezi kupona kwa sababu hawezi kuhisi muda ukipita. Kila anapoamka, mkewe kafariki jana.

Songea: Arrival, yale mambo ya mtoto ni kumbukumbu au ndoto?

Si kumbukumbu wala ndoto, ni mambo ambayo bado hayajatokea. Tunayaona mwanzoni, tunadhani Louise, yule mtaalamu wa lugha, ni mama aliyekwisha kuzika. Sikiliza pale anapouliza yule mtoto ni nani: mtu haulizi hivyo kuhusu mwanawe aliyemzika. Anaanza kumwona kwa sababu anajifunza lugha ya wageni waliotoka angani, ambao kwao muda hauna mbele na nyuma. Kisha anajua atampoteza, na bado anakubali kumzaa.

Tukuyu: Sisi tuliona filamu ya Venice watu saba, na sita tulisema haina ukweli. Mtoto kafa, baba anarudi kazini, hakuna msiba, hakuna watu. Huyo baba hata halii vizuri. Mnasemaje?

Mmeona jambo la maana kuliko wengi walioandika, ila tunadhani mmelihukumu kinyume. Kwenu mtu akifa muda unahesabiwa na watu. Jirani wanapika, wanaume wanaota moto nje usiku kucha, kina mama wanalala chini na mfiwa, kuna siku ya kuzika, kuna siku ya kuanua matanga. Maziko ya Wanyakyusa wa zamani yalikuwa na vilio vya wanawake na ngoma ya wanaume mchana kweupe; hakuna aliyeachwa abaki na huzuni yake chumbani. Mfiwa anaweza asijue leo ni Jumanne au Ijumaa, lakini wapo wanaojua kwa niaba yake.

John na Laura hawana hayo. Kati ya ukelele na mlio wa mashine hakuna siku hata moja inayoonyeshwa. Wako mji wa kigeni, majira ya baridi, wageni wamepungua. Hakuna wa kuwaambia kwamba jambo limepita, basi halipiti: linawarudia kwenye maji, kwenye kioo, kwenye koti. Kuchanganyika kwa muda katika filamu hii ni msiba ambao haukukaliwa. Angalieni pia tofauti ya wawili hao. Laura anaambiwa na Heather kwamba mtoto ameonekana akicheka katikati ya wazazi wake. Anazimia, na akizinduka uso wake umefunguka. Amepata watu wa kukaa nao msiba, hata kama ni wawili na hajawazoea. John ana kazi ya kukarabati kanisa tu, na siku moja nusura aanguke kutoka kwenye jukwaa la mafundi.

Kwa hiyo kutolia kwake ni ukweli. Mtazamaji wa saba tungependa kusikia alisema nini.

Njombe: Mama mkwe amefiwa na mtoto hivi karibuni na anaishi nasi. Tunaweza kuangalia naye?

Don't Look Now, hapana. Mtoto anatolewa majini ndani ya dakika za mwanzo na kamera haigeuki pembeni. Arrival pia inaanza na ugonjwa na kifo cha binti. Subirini mpaka yeye mwenyewe aulize mnaangalia nini, na mumwambie wazi kilichomo kabla hamjabonyeza.

Hata bila msiba, filamu ya Venice ina sehemu ndefu ya faragha ya mume na mke, ikikatizwa na picha zao wakivaa kwenda kula. Imetengenezwa kwa heshima na ina maana kubwa, ndipo wanapokutana tena baada ya kifo cha mtoto. Lakini kwenye nyumba ambayo mkaza mwana na baba mkwe hawakai sebule moja, usiiwashe hapo.

Makete: Tuko vijana wanne, simu moja. Tunataka filamu ya dakika kumi ya baba aliyefiwa na mke, muda uende na kurudi. Tuanzie wapi?

Andikeni kwanza hadithi moja kwa moja, kurasa kumi, ukurasa kwa dakika. Ikiwa haimgusi mtu ikiwa imenyooka, kuipindua hakutaisaidia. Kisha kila tukio liwe na kikadi chake chenye namba mbili: lilitokea la ngapi, litaonyeshwa la ngapi. Kwa dakika kumi vikadi 15 vinatosha. Vikizidi 20 mtazamaji ataanza kuhesabu aache kuhisi.

Kila wakati wa hadithi upeni alama isiyohitaji maneno. Khanga ya marehemu iwe mpya na yenye rangi kali zamani, sasa iwe imepauka na imetumika kufunika ndoo. Ndevu za baba: pigeni kwanza matukio yote yenye ndevu, ndipo anyoe mpige yaliyobaki. Mkigeuza mtasubiri mwezi. Mnayo Kitulo jirani, ambako maua huchanua wakati wa mvua na nyanda hukauka wakati wa kipupwe, alama ambayo hakuna mji unaweza kuinunua. Ila ni hifadhi ya taifa, ombeni kibali kabla ya kuingia na kamera.

Shikilieni kidole kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vifunge, na wekeni rangi isijibadilishe yenyewe, la sivyo matukio mawili ya asubuhi moja yatatoka moja la buluu, jingine la njano. Simu ikitoka kwenye baridi ya Julai kuingia jikoni kwenye moto, lenzi inashika umande. Subirini ipate joto, futeni kwa pamba. Betri nayo huisha upesi kwenye baridi, itunzeni mfuko wa ndani. Kila mahali rekodini sekunde 30 za ukimya wa pale, mtazihitaji kuunganisha sauti. Na sauti ya tukio linalofuata ianze sekunde moja kabla ya picha yake.

Mkimaliza, waonyesheni watu watatu, mmoja mmoja, na kila mmoja asimulie kwa mfuatano alivyoelewa. Wakikwama sehemu tofauti, iacheni. Wakikwama wote mahali pamoja, msiongeze sauti ya kueleza. Iingizeni khanga mapema zaidi, sekunde mbili tu, na muwaonyeshe wengine watatu.