Volyumu ikikwaruza, isafishe kabla ya kununua poti mpya

Hapa Moshi kiangazi kikikolea, vumbi halichagui nyumba. Muda si mrefu utasikia: ukigusa volyumu ya sabufa, krrr-krrr, spika ya kushoto inakata, ukisukuma kinobu kidogo inarudi. Wengi hukimbilia kubadilisha poti, yaani kile kipuri kilicho nyuma ya kinobu kinachopandisha na kushusha sauti. Mimi nimesafisha ya amplifaya yangu, za majirani wa Majengo na hata miksa ya kwaya, na nyingi zilipona bila kununua kipuri. Poti ya redio ya zamani usiitupe hovyo, kupata inayolingana nayo ni shughuli.

Ndani yake mna utepe mweusi wa kaboni na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake. Uchafu ukiingia katikati, mguso unakatika-katika, na huo ndio mkwaruzo wenyewe.

Chomoa waya ukutani, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Hata hapo, kapasita kubwa (vipuri vinavyotunza umeme) hubaki na chaji, kwa hiyo iache ikae na usizipapase. Fungua kifuniko, tazama nyuma ya kinobu: poti ya stereo kwa kawaida ina miguu sita, mitatu mitatu, na pale miguu inapotokea pana upenyo mdogo. Ingiza mrija wa dawa ya kusafishia (nitaieleza hapa chini) hapo, puliza kidogo tu, halafu zungusha kinobu toka sifuri mpaka mwisho na kurudi, mara 20 au 30. Usione uvivu hapa. Dawa hulainisha uchafu, lakini kinachouondoa ni kule kuzungusha. Acha ikauke kabisa ndipo uwashe, maana dawa nyingi hushika moto.

Kuhusu dawa sina mzaha. Nunua ya kusafishia kontakti za umeme, na kopo liwe limeandikwa kuwa haidhuru plastiki. Petroli na tina ya rangi ni mwiko. Mafuta ya kulegezea nati zilizoshika kutu nayo yaache: sauti inaweza kutulia kwa muda, kisha utelezi unaobaki unanasa vumbi upya.

Ikikwaruza bado baada ya kusafishwa vizuri, huenda kaboni imelika, au kuna kapasita inayovujisha umeme kwenye poti. Hapo mpelekee fundi. Na kinobu kinachozunguka bila kikomo, namba zikirukaruka kwenye kioo, hicho si poti ya kaboni. Kina ugonjwa wake mwingine.