Nani Alivaa Uhusika Kweli? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Wapelelezi wa Kwenye Skrini

Niliomba maswali kuhusu waigizaji wanaocheza mashujaa na wapelelezi tuliowapenda vitabuni. Mmeleta mengi, asanteni. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Sherlock Holmes ameigizwa na watu chungu nzima. Kwako wewe, kiboko yao nani? (Msomaji, Sinza)

Jeremy Brett, na hapa simung'unyi maneno. Najua vijana wengi wamemjua Holmes kupitia Robert Downey Jr. wa mwaka 2009, mwenye ngumi nyepesi, au Benedict Cumberbatch, ambaye kuanzia 2010 alimcheza Holmes wa London ya leo, simu mkononi. Wazee wao wana Basil Rathbone na filamu zake 14 za kati ya 1939 na 1946. Wote wamefanya kazi nzuri.

Brett, aliyemcheza kwenye televisheni ya Uingereza kuanzia 1984 hadi 1994, aliwazidi kwa sababu hakukiacha kitabu. Alikuwa anakuja kazini na hadithi za Arthur Conan Doyle, na skripti ikienda kombo bila sababu anabishana nayo. Hata michoro ya Sidney Paget, iliyotoka jaridani pamoja na hadithi zenyewe, waliifuata mpaka namna mtu anavyokaa kitini. Mwangalie mteja anaposimulia shida yake: Holmes kafumba macho, ncha za vidole zimegusana, hatikisiki. Unaweza kudhani kalala. Mara neno moja linamgusa, anaruka juu ya kochi kukimbilia karatasi upande wa pili wa chumba. Kutoka kimya kile hadi mruko ule ndipo ninapoiona akili ya Holmes ikifanya kazi, bila mtu kunieleza kwamba ana akili. Miaka ya mwisho Brett aliumwa sana, na ukitazama vipindi vya mwisho unaona. Aliendelea kucheza vivyo hivyo. Alifariki 1995.

Ile kofia yenye masikio na kiko kilichopinda vimo kitabuni? (Msomaji, Ilala)

Kiko kimo, tena Holmes anavuta kupita kiasi, ila kile kilichopinda kinahesabiwa kuwa ni cha William Gillette, Mmarekani aliyemcheza jukwaani. Kofia ya safari yenye masikio Doyle kaigusia tu. Paget ndiye aliyeichora ikabaki vichwani mwa watu.

Ni kweli David Suchet alijifunza kutembea ili awe Hercule Poirot? (Msomaji, Mikocheni)

Kweli tupu. Suchet alipopata kazi ile alikaa chini akasoma hadithi za Agatha Christie na kuandika orodha ya mambo 93 kuhusu Poirot: anachokunywa, asichokipenda, anatia vipande vingapi vya sukari. Christie kaandika kwamba Poirot anatembea kwa hatua fupi za haraka, miguu imebanwa kwenye viatu vinavyong'aa. Sasa mtu mzima utaipataje hatua hiyo bila kuonekana unachekesha? Suchet alibana sarafu katikati ya makalio akafanya mazoezi ya kutembea bila kuiangusha. Jaribuni nyumbani, mtaiona hatua inavyofupika yenyewe.

Sauti nayo aliihamisha kutoka kifuani akaipeleka juu, kichwani, kwa kuwa Poirot anaishi kwa ubongo. Akavaa matumbo ya bandia chini ya suti. Kazi hiyo ilianza 1989 ikaisha 2013, vipindi 70, na katika vyote hutamkuta Suchet mwenyewe hata kwa bahati mbaya. Kenneth Branagh alipomchukua Poirot mwaka 2017 watu waliyasema sana masharubu yake makubwa. Mimi masharubu hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba Poirot wake anakimbia na kupigana, wakati raha yote ya mzee yule ni kuwashinda wauaji bila kuchafua viatu.

Mimi filamu zangu naziona kibanda umiza, zile zilizotafsiriwa. Rafiki yangu anasema sijamwona muigizaji hata mmoja. Ni haki kusema hivyo? (Msomaji, Tandika)

Si haki. Mtafsiri hodari ni msanii kamili, na waliokulia enzi za mtafsiri Lufufu wanajua alivyoweza kukifanya kibanda kizima kishangilie stelingi asiyejua neno la Kiswahili. Umeona macho, umeona mikono, umeona anavyoingia chumbani. Sauti ndiyo imekupita, na kwa mtu kama Suchet sauti ni nusu ya kazi. Filamu uliyoipenda itafute tena yenye sauti yake ya asili, hata kama maneno hayakuingii. Hadithi tayari unaijua, sasa sikiliza.

Mwanangu, hawa wa James Bond kwa nini hawamwachi mtu mmoja tukamzoea? (Mama, Mbagala)

Shikamoo mama. Filamu zile zimeanza 1962, na hadi ile ya 2021 zimefika 25, waigizaji sita. Roger Moore alipoacha mwaka 1985 alikuwa na miaka 57, bado anarushwa juu ya magari na warembo wanazidi kuwa wadogo. Ilibidi apumzike. Hata mwandishi mwenyewe, Ian Fleming, mwanzoni alimtilia shaka Sean Connery. Baadaye alimkubali, mpaka katika kitabu kilichofuata akampa Bond baba wa Scotland, kwao Connery. Mpe mgeni filamu mbili, mama.

Wapelelezi wanawake hakuna? (Msomaji, Kigamboni)

Wapo, na mmoja ndiye nimpendaye kuliko karibu wote. Joan Hickson alianza kumcheza Miss Marple mwaka 1984 akiwa na miaka 78. Agatha Christie alishamwandikia miaka ya 1940 kwamba anatumaini siku moja atamcheza bibi yule. Hickson hafanyi vituko. Anafuma, anasikiliza, anauliza swali moja dogo, na muuaji haoni hatari yoyote kwa bibi mwenye uzi na sindano.

Karibu na kwetu kuna Mma Ramotswe wa Botswana, aliyechezwa na Jill Scott, mwimbaji wa Marekani. Tamthilia hiyo ya televisheni ilipigwa huko huko Botswana na ilionekana 2008 na 2009. Jill ana joto na utulivu wa Mma Ramotswe, ila bado natamani nafasi ile angepewa binti wa kusini mwa Afrika.

Na wa kwetu je? Willy Gamba na Bwana Msa wachezwe na nani? (Wasomaji kadhaa: Magomeni, Ubungo, Kinondoni)

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Jina sitaji, ila sifa nazitaja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tunayemjua tangu kitabu cha 1960, ni mtu wa Unguja, mtu wa kiko na fikra, na Najum yupo pembeni yake. Apewe mtu mzima aliyekomaa jukwaani, mwenye Kiswahili cha Unguja mdomoni tangu utoto. Nataka nimwone akishindilia tumbaku taratibu huku mwenzake anahangaika kusubiri jibu, na asiseme kitu mpaka kiko kiwake.

Willy Gamba wa Elvis Musiba anataka mwili wa mazoezi, sawa, maana anapambana na makaburu na vibaraka wao. Lakini anataka pia muigizaji anayeweza kusikiliza. Tabia ya kugawa uhusika kwa kuhesabu wafuasi wa Instagram inatuua. Kuigiza kitabu chetu vizuri kunawezekana: Amil Shivji alikichukua "Vuta N'kuvute" cha Shafi Adam Shafi, akapiga filamu Zanzibar, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto.

Shikamoo. Nina kamera na marafiki, tunataka kumcheza Joram Kiango wa Ben Mtobwa tuweke YouTube. Tuanzie wapi? (Kijana, Tabata)

Marahaba mwanangu. Anzeni na ruhusa. Sheria yetu inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo watafuteni wachapishaji na familia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza. Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni filamu ya dakika kumi.

Wakati mnasubiri jibu, atakayekuwa Joram asome vitabu vyote atakavyopata na aandike orodha yake kama Suchet: anavutaje sigara, anamwangaliaje mwenzake Nuru, anatania wakati gani. Atakayekuwa Nuru naye aandike ya kwake, asiachwe awe pambo.